Nguo ya usiku: kufula manguo ya watoto katika nyumba za Bunia

Mtu akisema mila za wakubwa wetu, wengi tunafikiria upesi ngoma, mahari, majina ya mapacha na namna ya kuzika. Hayo yameandikwa mara nyingi, na ni vizuri yaandikwe tena. Sisi tunaomba ruhusa ya kusema juu ya jambo dogo zaidi, lisilo na ngoma: nguo ambayo mtoto analala nayo, na ni mara ngapi nyumba zetu za Bunia zinaifua. Tunajua wako wasomaji watakaocheka. Mwenzetu mmoja katika chumba cha walimu alicheka pia, akatuuliza kama historia ya Ituri imekwisha hata tufike kwenye basani la mama. Haijaisha. Lakini tumesimama mbele ya darasa miaka mingi sasa, na pua ya mwalimu inajua mambo ambayo rejista haiandiki. Inamjua mtoto aliyelala na unifomu yake.

Tuanze na maneno. Vitabuni tunafundisha kufua, na mitaani tunafula. Katika kurasa hizi yote mawili yatakuja, kwa sababu ndivyo tunavyosema. Nguo ya kulalia yenyewe haina jina la kwetu. Tunasema pijama, neno tulilopata kwa Kifaransa. Wafaransa walilipata kwa Waingereza, na Waingereza walilikuta India, ambako lilikuwa suruali pana tu, ya kuvaa hata mchana. Muulize mzee Mbira, Mhema, Mlendu au Mwaluri akutajie pijama kwa lugha yake, atakutajia nguo, au ngozi, au kitambaa cha kujifunika. Nguo ya usiku peke yake haikuwapo.

Katika msitu, upande wa Mambasa na Wamba, watu walivaa gome la mti. Wanaume waligonga gome kwa nyundo ya pembe hadi likawa laini, na kwa Wambuti wanawake ndio waliolichora. Vitambaa vyao vya zamani viko leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Kwenye nyanda za juu, wenye ng'ombe walivaa ngozi iliyopakwa siagi. Gome na ngozi vina tabia moja: havifuliwi. Gome likilowa mara kwa mara linakatika, ngozi ikilowa inakuwa ngumu kama ubao. Kwa hiyo usafi wake ulikuwa wa namna nyingine. Nguo ilianikwa juani, ilikung'utwa, ilipakwa mafuta upya, ilitundikwa juu ya moshi. Mtoto mdogo alilala uchi kando ya mama yake na kando ya moto. Moshi ule, ambao leo daktari anaukataza kwa ajili ya mapafu, ulifukuza mbu na kukausha kile ambacho mtoto alilowanisha. Tusiwadharau. Walikuwa na majibu ya maswali yao.

Aliyeleta kazi ya kufula ni pamba. Karne ya 19 vitambaa vilifika kwetu kwa njia mbili, kutoka upande wa Nile na kutoka pwani ya Zanzibar, ambako kitambaa cheupe kilichopendwa kuliko vyote kiliitwa merikani kwa sababu kilifumwa Marekani. Stanley alipofika ziwa Albert mwezi wa Desemba 1887 akimtafuta Emin Pasha, mizigo ya vitambaa ilikuwa fedha yake ya njiani. Pamba inapendeza, inapasha joto, lakini inakunywa jasho, na katika mishono yake kuna mgeni ambaye mtu wa gome na mafuta hakumpa nafasi kubwa: chawa wa mwili. Huyo hakai kichwani. Anaishi ndani ya nguo na kutaga mayai katika mishono, halafu anakuja kwenye ngozi kula tu. Asiye na nguo hana chawa wa nguo. Mwenye nguo moja, anayeivaa mchana na usiku bila kuivua, ndiye rafiki yake mkubwa.

Halafu ilikuja dhahabu. Mwaka wa 1903 wachimbaji wawili kutoka Australia, Hannan na O'Brien, waliona dhahabu katika mto Agola, upande wa Kilo, na tangu hapo maelfu ya watu waliingizwa katika kambi za machimbo, wengine kwa kupenda na wengi kwa nguvu. Kambi ilibadilisha siku zetu. Hata leo watu wengi wa Kongo ya mashariki hawasemi Jumamosi, wanasema siku ya posho, kwa sababu siku hiyo mfanyakazi alipokea chakula chake cha wiki nzima. Wiki ikawa na kichwa na mkia. Siku ya posho kulikuwa na unga, chumvi, samaki mkavu, na sabuni kwa mwenye pesa ya kantini. Siku inayofuata mzungu alitaka kuona watu safi kanisani. Sasa manguo yafuliwe lini kama si siku ya posho? Sisi tunaamini kwamba desturi ya nyumba zetu ya kufula kila siku ya posho, ambayo wengine wanaidhani ya mababu, ilizaliwa hapo, katika kambi na misheni. Ina umri wa miaka mia moja na kidogo.

Wakati huo huo kulikuwa na mtu aliyeitwa lavaderi. Neno hili lina asili ya Kireno, likapita kwa Wabelgiji, likabaki kwetu. Lavaderi alikuwa mwanaume. Alifula, akatia buluu katika mashuka meupe, akapiga pasi ya makala, akakunja, na alilipwa. Jioni alirudi kwake na kumkuta mkewe ameinama juu ya basani lake mwenyewe, bila malipo na bila pasi. Hatujui mzaha mkubwa zaidi katika historia ya kazi za nyumbani: mkono uleule uliojua kutoa doa la mvinyo katika shati la mzungu haukugusa nguo ya kulalia ya mtoto wake. Ya mzungu ilikuwa kazi, ya nyumbani ilikuwa mambo ya wanawake. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, zile nyumba za mafunzo walizoziita foyers sociaux, pamoja na masista wa misheni, zilifundisha wake za wafanyakazi kushona, kupika, kufula na kupiga pasi. Walifundisha vizuri. Lakini hapo nguo ya kulalia ya mtoto iliingia kama alama ya mtu aliyeendelea, na wengi waliiacha ilipoisha, kwa sababu mshahara haukutosha hata kwa nguo ya mchana.

Tukisema usiku katika Ituri hatuwezi kuruka tauni. Mwaka wa 1928 madaktari waligundua kwamba nyanda zilizo juu ya ziwa Albert zina ugonjwa huo, na haujaondoka. Tauni inatoka kwa panya, inabebwa na kiroboto, na kiroboto anampata mtu kwa urahisi akiwa amelala chini. Daktari René Devignat, aliyechunguza tauni ya Kongo, mwaka wa 1951 aliandika kwamba vijidudu vyake vina aina tatu, na mgawanyo ule ulifuatwa na wataalamu wa dunia nzima kwa miaka mingi. Kumbe jambo la mkeka na blanketi la vijiji vyetu lilikuwa habari ya dunia. Wauguzi walizunguka wakiwaambia watu: waueni panya, nafaka isikae mahali mnapolala, lala juu ya kitanda, blanketi lianikwe juani. Mama zetu walishika hilo la mwisho. Katika nyumba nyingi za Bunia mpaka leo, jua likitoka tu, blanketi na mkeka vinatolewa nje, hata na mama asiyejua kabisa kwamba sababu ya kwanza ni kiroboto. Anasema, ni kuondoa baridi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Tulipokuwa wadogo, miaka ya 1980, nyumbani kwetu hatukuwa na pijama. Tulilala na nguo iliyokwisha kazi. Shati lililokataa kushonwa tena, au nusu ya kikwembe cha mama. Kikwembe kilianza maisha yake kanisani, kikashuka sokoni, kikashuka shambani, kikabeba mtoto mgongoni, na mwishowe kilipasuliwa mara mbili, na watoto wawili walilala nacho. Maji tuliyatafuta kwenye chemchemi, na manguo mengi yalifuliwa mtoni, Nyamukau, ambako mama na dada zetu walishinda tangu asubuhi ya siku ya posho, isipokuwa pale salongo ilipowaita kwanza. Jiwe la kufulia lilikuwa na mwenyewe. Ukikalia jiwe la mama wa watu bila kuomba, siku hiyo utasikia ukoo wako wote ukitajwa.

Pale mtoni kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Sabuni ilikuwa kipande kilichokatwa kwa uzi kutoka mche mrefu. Povu la kwanza lilikuwa la nguo za baba na za kanisani. La pili la unifomu, shati jeupe na kaptula ya buluu. La tatu la vikwembe vya kila siku. Nguo za kulalia za watoto zilikuja mwisho, katika maji yaliyokwisha kuwa na rangi ya udongo, na sabuni ikiwa imeisha zilipigwa tu juu ya jiwe na kukamuliwa. Mara moja kwa wiki hivi. Msimu wa mvua hata wiki mbili. Hatusemi hivyo ili kumhukumu mama yetu. Alihesabu sabuni kama mhasibu, na alijua nguo gani itaonwa na watu.

Mmoja tu ndiye aliyefuliwa kila siku: kikojozi. Hapo hatuwezi kupita haraka, maana hapo ndipo mila ilikuwa kali. Mtoto aliyekojoa kitandani alitolewa nje na mkeka wake kichwani, wenzake wakamzunguka na kumwimbia. Alifua mwenyewe, asubuhi na baridi yake, hata akiwa na miaka sita. Halafu, kwa aibu, mama hakuanika nguo ile mbele ya nyumba, kwenye kamba ambako wapita njia wanaona. Aliitandaza nyuma, juu ya majani, chini ya mgomba, mahali penye kivuli. Jioni aliichukua ikiwa mbichi bado, akampa mtoto alale nayo. Kupiga pasi? Nani alipige pasi gunia la mkojo, walisema hivyo, na makala yana bei.

Kuna nzi mmoja, wa rangi ya kahawia kidogo, ambaye wataalamu wanamwita Cordylobia anthropophaga. Wafaransa wanamwita mnyoo wa Cayor, kwa jina la nchi moja ya Senegal. Funza wake si tekenya wa miguuni, ni mwingine. Nzi huyo hapendi jua kali. Anatafuta kivuli, unyevu, na hasa harufu ya mkojo. Akipata mchanga wenye mkojo au nguo mbichi, anataga mayai kwa mamia. Baada ya siku moja hadi tatu mayai yanapasuka, na funza mdogo, ambaye macho hayamwoni vizuri, anangoja ngozi ipite. Mtoto akivaa nguo, funza anaingia bila maumivu makubwa, anakaa siku nane hadi kumi na mbili akikua, na mtoto anapata jipu lenye tundu katikati. Dawa ya kuzuia ni jua kamili na pasi ya moto, kwenye mishono hasa.

Msomaji arudi sasa nyuma ya nyumba yetu na kuangalia nguo ile chini ya mgomba. Kivuli, unyevu, mkojo, hakuna pasi. Kila kitu ambacho aibu ilituamuru kufanya, nzi alikiombea. Pasi ya makala ilipita juu ya suruali ya baba, ambaye ngozi yake ngumu haikuogopa sana, na haikupita juu ya kitambaa kilichogusa mgongo wa mtoto usiku kucha. Sisi wenyewe tulitolewa funza wawili mgongoni, tate akipaka mafuta ya mawese juu ya tundu ili funza akose pumzi na achungulie, halafu anakamua kwa vidole viwili. (Tate ni mama wa mama yetu, vijana wa leo wanapenda kusema mémé.) Alituambia tumepata kwa sababu ya kulala chini. Miaka mingi baadaye, katika somo la biolojia pale ISP, ndipo tulipoelewa kwamba tulipata kwa sababu ya kuficha.

Tunataka kusema hili wazi, kwa kuwa ndilo lililotufanya tuandike. Kufula kwa nyumba zetu kumefuata jicho la jirani. Kinachoonekana kinafuliwa kwanza, kwa maji safi, kinaanikwa juani, kinapigwa pasi. Kisichoonekana kinafuliwa mwisho. Lakini ugonjwa hauangalii kamba ya mbele ya nyumba. Upele, funza, kiroboto, chawa, wote wanakaa katika saa zile nane au tisa ambazo jirani haoni mtoto wako.

Mambo ya sabuni tuyataje kwa kifupi. Tate alitengeneza yake kwa majivu ya maganda ya ndizi na mafuta ya mawese, nyeusi, yenye kuuma mikono. Mwaka wa 1911 kampuni ya Mwingereza Lever ilipata ardhi kubwa ya michikichi katika Kongo ya Wabelgiji, na mafuta ya michikichi yetu yalikwenda Uingereza kugeuka sabuni. Kwetu Bunia, tuko mbali sana na Kinshasa, kwa hiyo sabuni nyingi tuliyojua utotoni na tunayoijua leo imetoka Uganda, kupitia Mahagi, Aru au ziwa, na mche wa Mukwano umefula watoto wa Ituri wengi kuliko sabuni yoyote ya mji mkuu wetu. Barabara ikifungwa, sabuni inapanda, na nguo ya usiku ndiyo ya kwanza kukosa.

Pijama yenyewe ilitufikia kwa wingi kupitia balo, yale mafurushi ya manguo ya chagua kutoka Ulaya na Amerika. Ilitufikia bila maelezo. Wengi wetu tumeona watoto wamevaa suti nzuri ya flaneli yenye dubu na nyota, wamepakwa mafuta, viatu vimeng'aa, wanakwenda misa ya siku ya Mungu na pijama. Tulicheka tulipojua. Lakini tukifikiri vizuri, mama yule hakukosea: alikuwa amenunua nguo nzuri kuliko zote za nyumba yake, angeificha usiku kwa nini? Neno pijama, kule lilikotoka, lilikuwa nguo ya mchana. Tulilirudisha kwao bila kujua.

Vita vilivyoanza mwezi wa Juni 1999 vilibadilisha hata jambo hili. Hatutaeleza hapa nani alimfanya nani nini. Wengine wanaandika hayo, na makovu ni ya pande zote. Tunasema usiku tu. Katika miaka ile, na zaidi tangu mwezi wa Agosti 2002, watoto wa Bunia walilala na nguo za mchana. Mwenye viatu alilala navyo au aliviweka mkononi mwake. Mama alivaa vikwembe viwili, kimoja cha kuvaa na kimoja cha kubebea. Mwezi wa Mei 2003, jeshi la Uganda lilipomaliza kuondoka na mapigano kuanza mjini, maelfu ya watu walikwenda kulala pembeni ya uwanja wa ndege na pembeni ya kambi ya MONUC. Tulikuwa vijana wakati huo, na tulikuwa na watoto watatu wa dada yetu mkubwa. Tulikaa pale chini ya shiti hata baada ya askari wa Operesheni Artemis, wakiongozwa na Wafaransa, kufika mwezi wa Juni. Watoto wale walivaa nguo moja, mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Maji yalikuwa ya kunywa na ya kupika. Upele uliwala hadi katikati ya vidole. Dada aliwavua mara mbili tu, usiku, akafua kwa maji ya bidoni moja, akawafunika uchi na kikwembe chake mpaka nguo ikauke, na yeye akabaki ameketi, macho kwenye barabara, akiomba risasi isilie kabla ya nguo kukauka.

Watu wanauliza amani ilirudi lini Bunia. Wanasiasa wana tarehe zao. Dada yetu ana yake: ni usiku alipowaambia watoto vueni nguo, vaeni za kulalia, nao walikataa. Mkubwa alilia. Alisema, tukivua, tutakimbia na nini? Ilichukua karibu mwezi kabla ya wote watatu kukubali. Walilala na vipande vya kikwembe kilekile, kilichofuliwa vizuri, mara hii katika maji ya kwanza.

Tungependa kusema kwamba hayo yamekwisha. Lakini tangu mwisho wa mwaka wa 2017 vijiji vya Djugu vilianza kukimbia tena, na mwanzo wa 2018 wakimbizi walijaa hospitali kuu na uwanja wa ISP, palepale tulipojifunzia habari za nzi. Baadaye wengine walipelekwa Kigonze. Mwaka huohuo wa 2018 Ebola ilitangazwa katika mashariki, na hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 tulijifunza neno la klorini na tuliona godoro na manguo ya mgonjwa yakichomwa moto. Mama mmoja wa Mudzipela alitueleza kwamba kilichomuuma, baada ya mtoto wake kupona, ni kumwona anarudi nyumbani na nguo mpya, asiyemnusa tena harufu yake.

Sasa swali la mwanzo, ni mara ngapi? Vitabu vya kizungu vinasema nguo ya kulalia ya mtoto ivaliwe mara mbili au tatu, halafu ifuliwe. Vitabu hivyo viliandikwa karibu na bomba. Nyumbani kwetu tuko watu wanane. Tumehesabu: kufula kwa siku ya posho kunakula bidoni saba au nane za lita ishirini, kama tukisuuza mara mbili, na kila bidoni ina mgongo ulioibeba, mara nyingi mgongo wa msichana, ambaye sisi walimu tunamlaumu anaposinzia darasani. Tukifula nguo za usiku za watoto mara tatu kwa wiki, tutaongeza safari za yule msichana. Kwa hiyo tumeweka desturi yetu, na tunaitoa kwa msomaji bila kumlazimisha. Kila mtoto ana nguo mbili za kulalia, hata zikiwa za kikwembe, na hazivaliwi mchana. Zinafuliwa mara mbili kwa wiki, siku ya posho na siku moja ya katikati, basani dogo tu, na siku ya posho zinaingia katika povu la kwanza pamoja na unifomu. Suruali ya mwalimu inangoja. Asubuhi nyingine zote zinaanikwa mbele ya nyumba, juani, juu ya kamba. Zikikauka zinapigwa pasi kwenye mishono, hata kama umeme hakuna na makala ni kidogo, afadhali shati letu liende shuleni na mikunjo. Wavulana wanafula pia. Na kikojozi wetu, maana tunaye mmoja, nguo yake inafuliwa kila asubuhi na yeyote aliye karibu na basani, na hakuna wimbo.

Baba mmoja wa mtaani aliona kamba yetu, akauliza kwa nini tunatangaza mkojo wa mtoto mbele ya watu. Tulimweleza habari za nzi. Alisikiliza, akasema, walimu, ninyi mna maneno. Wiki iliyofuata tulipita kwake. Nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, hakukuwa na kitu. Kamba mpya ilikuwa imefungwa kutoka mlango wa jiko hadi kwenye mparachichi, bado si mbele kabisa, bali pembeni, mahali ambapo jua linafika kuanzia saa nne. Juu yake kulikuwa na vishati viwili vidogo na nusu ya kikwembe.